Kusukula ya Carême

Leo nimekufa haya. Acha nibaambie mi mwenyewe, mbele bengine babaambie.

Mwamba njo rafiki yangu, tunachimbaka naye shimo moja. Kasongo, wa kanisa yetu, alimuitaka mwizi mbele ya bantu yote. Toka ile siku Mwamba hamusemeshi. Na mi simusemeshi. (Mi hakuniita kitu. Lakini rafiki ni rafiki.)

Asubuhi niko nyuma ya nyumba, namusikia Mwamba mu telefone:

«Kasongo, tukutane saa kumi kwa Mama Régine. Tutasukula. Usimuambie Dodo, ataharibu yote.»

Dodo ni mi.

Sasa, kwetu ku mine, kusukula ni kusukula mali, ile madini ya shimo: unatia majiwe mu mayi, udongo inatoka, ya maana inabakia. Basi nikaelewa. Mali iko, Kasongo iko, mi niko inje. Nikamuuliza Mwamba:

«Leo saa kumi utakuwa wapi?»

«Niko tu.»

«Tu wapi?»

«Eh, Dodo, uko polisi?»

Muntu mwenye roho safi anajibuka vile? Tena alinyoa ndevu. Nani ananyoaka ndevu juu ya kusukula mali? (Pale njo ningefikiri. Sikufikiri.)

Na Mama Régine, mukubwa wa shirika yetu ya kanisa! Kumbe na yee, na ile rozari yote mu shingo, anauzishaka mali.

Nikamufuata Mwamba. Alibeba sabuni na serviette ya kupangusa mayi. Nikasema: ya kudanganya bantu. Nikapita njia ya nyuma, mu matope ya mvua, nikaruka ukuta ya lupango ya Mama Régine, sandale moja ikabakia kule.

Nachungulia: Kasongo ameikala ku kiti, Mwamba amepiga magoti, basani ya mayi katikati.

«Bezi! Mali yangu iko wapi?»

Nikapiga basani na muguu. Mayi yote ikaenda ku kanzu ya padri. (Ndiyo, padri alikuwa pale. Shirika yote ilikuwa pale.) Mu basani hamukuwa jiwe hata moja. Mulikuwa miguu ya Kasongo.

Mama Régine akaniangalia polepole.

«Tata Dodo, tuko mu Carême, siku za kufunga mbele ya Pasaka. Benye kukosana banasukulana miguu, banasameheana. Wewe unatafuta mali gani?»

«Munaona juu ya nini sikumuambia?» Mwamba akasema. Hata hakuniangalia.

Kasongo akasimama, anatafuta biatu yake aende. Pale njo nikaogopa. Si padri niliogopa. Rafiki yangu alipiga magoti juu ya kupata amani, na mi nimeimwanga chini pamoja na mayi.

Kiisha Kasongo akaona miguu yangu. Matope mpaka ku magoti. Akarudisha basani, akatia mayi ingine.

«Ikala.»

«Mi?»

«Ikala, bwana.»

Akanisukula. Kidole kwa kidole, mbele ya bamama yote.

«Na hii, ilishaka kuona mayi?»

Mwamba njo alicheka wa kwanza. Kiisha yee na Kasongo bakacheka pamoja, na ugomvi ikaisha.

Bengine bamefunga nyama, bengine pombe. Mi padri ameniambia nifunge kinywa mpaka Pasaka. Nikamuuliza kama kuandika ku telefone pia iko ndani.

Mbele ajibu, nimebaandikia hii yote.