Uzinduzi wa Jukwaa la Onlaini na Kufungwa kwa Chumba Namba Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na kuniomba nimwakilishe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye pia ni mimi. Ndugu Mkuu wa Chuo. Wakufunzi wa kudumu na wa muda. Walimu tarajali mia moja na ishirini, yaani ninyi mnaosubiri kuwa walimu. Mama zetu wa jikoni, ambao harufu ya kazi yenu imeshatufikia. Na wengine wote ambao nisipowataja watanuna: itifaki ihesabike imetimia. (Makofi.)

Nimesimama hapa, nikiwa mtafiti mwandamizi wa maandalizi ya walimu, kuzindua rasmi Jukwaa Jumuishi la Ujifunzaji Onlaini, ambalo kwa mwaka mzima limekuwa katika awamu ya majaribio hapa hapa chuoni, likiwaandaa walimu kwa mkabala wa kisasa, shirikishi, endelevu na, nikiruhusiwa kujipongeza kidogo, wa kwangu. (Makofi, yakiongozwa na Mkuu wa Chuo.)

Wengi hawajui utafiti ni nini, basi nifafanue taratibu. Utafiti ni kuuliza. Niliandaa dodoso la kurasa kumi na nne, likasambazwa kwenu, nami nikabaki ofisini kwangu kusubiri data, maana mtafiti akisogelea mno anachokitafiti huathiri matokeo. (Kicheko.) Swali la kwanza: je, umewahi kupata tatizo lolote ukitumia jukwaa? Asilimia mia moja mlijibu hapana! Je, mtandao umewahi kukatika katikati ya kipindi? Hapana, asilimia mia! Je, umewahi kusahau paswedi? Hapana! Nimehudhuria makongamano kumi na saba, na sijaona popote sistimu isiyokatika, isiyokwama, wala isiyosahauliwa paswedi. (Kicheko kirefu safu za nyuma. Sauti: "Paswedi ipi, Profesa?") Swali zuri sana, mwanangu, na litajibiwa katika kipindi cha maswali, ambacho kwa ufinyu wa muda kimeondolewa kwenye ratiba.

Sasa tazameni matokeo. Mlipopelekwa shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, wakaguzi waliandika kwamba mnaandika ubaoni kwa mstari ulionyooka, mnawajua watoto kwa majina, na mmoja wenu aliwatuliza wanafunzi sabini kwa kushusha tu sauti. Mia moja na kumi na tisa mmefaulu! Hayo ndiyo matunda ya moduli zangu. (Makofi machache. Miguno.)

Kwa msingi huo wa kisayansi, leo hii Chumba Namba Nne, chenye ubao uliopauka na madawati yanayolia, kinafungwa ili kiwe stoo ya vifaa vya jukwaa, na mama mkufunzi wa chumba hicho, ambaye mnamwita Bibi Chaki, anapumzishwa kwa heshima zote. Barua yake ninayo hapa. (Miguno mikubwa. Sauti ya mwalimu tarajali wa kike: "Bibi akiondoka, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza watafundishwa na nani?") Na jukwaa, binti yangu! Usiku na mchana! Fundi, hebu lifungue pale ukutani walione.

(Fundi wa kompyuta anamnong'oneza msemaji. Msemaji anakunywa maji. Anakunywa tena.)

Naarifiwa kuna changamoto ndogo ya kiufundi. Bibi, samahani, shikamoo. Mwaka huu wote ulikuwa ukifanya nini humo chumbani? (Bibi Chaki, bila kusimama: "Marahaba. Nilikuwa nafundisha, mwanangu. Waliniambia nishike darasa mpaka mashine zije. Nikashika.") Wanafunzi wangapi? ("Wote hawa, kwa zamu tatu. Aliyefeli ni mvivu tu, na anajijua." Kicheko, mtu mmoja anainama kufunga kamba za viatu.)

Ndugu zangu, mtafiti wa kweli hufuata data hata ikimpeleka asikotaka. Barua hii, kama mnavyoona, naichana. (Vigelegele.) Chumba Namba Nne kibaki wazi, Bibi abaki humo, na apewe chaki za kutosha. Onlaini hoyee! (Hoyee hafifu.) Bibi Chaki hoyee! (Hoyee ya kutikisa bati.) Ubao kwanza! (Mashine baadaye!)

Namaliza kwa shukrani. Nakushukuru Bibi kwa kuniandalia walimu ambao nimewaandikia makala tatu. Nawashukuru ninyi mliojaza dodoso kwa ukweli mtupu, kwani hakuna awezaye kupata tatizo na kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Na namshukuru kwa namna ya pekee Mkuu wa Chuo, aliyejaza fomu ya kuagiza mitambo yote mwaka jana na kuiwasilisha kwangu mapema, fomu ambayo nimeikuta sasa hivi humu ndani ya faili langu, safi kabisa, haina hata kunyanzi, ikisubiri sahihi moja tu, ambayo ni yangu. Nani ana kalamu? Ahsanteni sana.