Suruali Yangu Mbele ya Darasa la Tisa

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya sista mmoja, mwalimu mmoja, wasichana ishirini na mteja wenu.

Fundi Hamisi, Fundi Kassimu, na wote mnaoshona hapo verandani Bunda, naandika barua hii hata viatu sijavua. Mzee Masatu, yule mkulima wa pamba mnayemshoneaga makoti, anarudi huko kesho. Atakuja na maneno yake. Nisikilizeni mimi kwanza, yeye mtamsikiliza nusu nusu.

Mnajua kwamba Zaituni, binti yangu mkubwa, amefaulu darasa la nane. (Nimeshawaambia mara tatu. Hii ni ya nne.) Sasa anatafutiwa sekondari. Shule za wasichana zenye darasa la tisa ni za kutafuta kwa tochi, na hizi mbili tunazoweza kuzifikia kutoka Musoma si za serikali, ni za wamisheni. Moja iko upande wenu. Ya pili iko kilimani, njia ya Butiama.

Mimi moyo wangu ulikuwa Bunda. Nilikwenda mwezi uliopita, nikaonyeshwa chumba cha kushonea. Vyerehani sita! Vya kukanyaga vyote, vinang'aa kama sahani za harusi. Nikasema basi, shule ndiyo hii.

Zaituni akasema, "Baba, tuione kwanza na ile ya Butiama."

"Kuna nini huko?"

"Wasichana wanafundishwaga hesabu na sayansi kama wavulana."

"Na vyerehani?"

"Sijui, Baba. Sikuuliza."

(Mtoto wa fundi! Hakuuliza!)

Leo alfajiri, wakati tunatoka, mke wangu akanishika mkono mlangoni. "Baba Zaituni, nakuomba. Ukifika huko usimsemee mtoto. Mwache ajibu mwenyewe."

"Mimi? Lini nimemsemea huyu mtoto?"

Zaituni akafungua mdomo.

"Hajawahi hata kulalamika," nikamjibia.

Sasa niwaambie nilivyovaa. Shati jeupe. Viatu vimepigwa rangi. Na suruali mpya ya gabadini ya kijivu niliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hii, maana fundi ukienda mahali umevaa matambara, nani atakuamini? Wiki nzima nilikuwa na kazi nyingi, mashati ya karani wa boma, sare za kwaya, kwa hiyo suruali yangu niliishona vipande vipande, dakika hapa, dakika pale. Lakini ilipigwa pasi! Ule mstari wa mbele ungekata papai. Mtaa mzima wa Mukendo walinigeukia. (Sawa, walikuwa watu watatu.)

Tulipanda lori la jirani anayekwenda kuchukua pamba, akatushusha njia panda, tukapanda kilima kwa miguu. Njiani nikamwambia Zaituni, "Mimi shule naijuaga kwa mshono wake. Wakishona ovyo, wanafundisha ovyo." Akasema, "Ndiyo, Baba." Mtoto huyu husema "ndiyo, Baba" kwa namna ambayo huwezi kujua amekubali au amechoka.

Sista Mkuu alitupokea mwenyewe. Mzungu mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Karibuni. Huyu ndiye Zaituni?"

"Ndiye," nikasema.

"Una umri gani, Zaituni?"

"Miaka kumi na mitano," nikasema.

"Unapenda somo gani?"

"Kushona," nikasema.

Sista akaniangalia mimi. Akamwangalia Zaituni. Akaniangalia tena mimi.

"Na wewe, Bwana Fundi, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, Sista."

"Vizuri. Darasa la tisa imebaki nafasi moja. Baadaye kidogo nitazungumza na *binti*."

Nikamuuliza habari ya dini, maana sisi ni Waislamu na hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Akasema, "Atasali sala zake, na chumba kipo. Na nguruwe hapa hatupikagi." Hatupikagi! Kumbe na yeye lugha ya Mara imeshamwingia. Nikaanza kumpenda.

Akatutembeza. Tukaona chumba cha sayansi, kimejaa chupa na mirija. Zaituni alisimama mbele ya zile chupa mpaka nikamvuta mkono. Nikaomba chumba cha kushonea.

Vyerehani viwili. Kimoja kibovu.

Nikamtazama Zaituni kama mtu aliyeshinda kesi.

Sista akaitwa ofisini, akatuacha na Mwalimu Nyangeta, mama mmoja mpole wa huku huku kwetu, na wasichana wake ishirini wa darasa la tisa waliokuwa wanashona magauni. Na mimi, ndugu zangu, mnanijua. Nikianza sijui kunyamaza. Nikachukua kazi ya msichana wa mbele, Bhoke jina lake.

"Binti, hii ni nini?"

"Bandi, Fundi."

"Bandi gani inayumba kama njia ya mbuzi?"

"Ni ya muda tu, Fundi. Nitapitisha cherehani baadaye."

"Baadaye!" Nikaligeukia darasa zima. "Sikilizeni, wanangu. Hiyo baadaye ndiyo inayoharibu mafundi. Bandi ni uzi wa kushikiza kitambaa kisiteleze. Haijaumbwa kumshika mtu! Nguo ya bandi ukiivaa, siku itakayokuacha hutaarifiwa!"

Msichana mmoja wa nyuma akawa anaandika maneno yangu kwenye daftari. Nikafurahi sana. Nikachukua chaki niwachoree mshono wa kweli ubaoni. Chaki ikaanguka.

Nikainama kuiokota.

*Praaaa!*

Nilisikia ubaridi mahali ambapo mtu mzima hatakiwi kusikia ubaridi.

Halafu Mwalimu Nyangeta akasema polepole, "Fundi. Usigeuke."

Fundi akageuka. (Msiniulize kwa nini. Mtu akiambiwa asigeuke, anageuka.) Nilikuwa nimewaelekea wasichana, sasa nikawapa mgongo. Yaani nikawapa na vyote vinavyoendelea kutoka mgongoni. Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilifika Mwitongo, kule Butiama!

Kwenye kona palikuwa na pazia la kujaribia nguo. Niliingia humo kama panya. Mwalimu akanipitishia kitambaa nijisitiri, akaomba suruali. Kitambaa chenyewe ni cha mezani, cha rangi ya waridi, wasichana wamekidarizi kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama kiganja: KARIBU CHAKULA.

Nilijaribu kuyaweka maandishi yakae nyuma. Ikawa vibaya zaidi. Nikayarudisha mbele.

Huko nje nikasikia suruali yangu inageuzwa geuzwa, watu wanaikagua.

"Fundi," akaita Mwalimu Nyangeta.

"Naam."

"Hii ni bandi."

"Haiwezekani!"

"Bandi tupu. Kutoka kiunoni nyuma mpaka mbele. Cherehani hakijapita hata kidogo."

Hapo nikakumbuka. Jumanne! Nilikuwa nimepiga bandi sehemu hiyo, karani wa boma akaingia kudai mashati yake, nikaiweka suruali pembeni. Nilipoirudia nikaendelea na mifuko. Yesu wa hao masista na Mtume wetu wote ni mashahidi, nilisahau kabisa.

Halafu nikasikia sauti ya Bhoke, tamu kama asali: "Mwalimu, nipitishe cherehani sasa hivi, au baadaye?"

Nilitamani sakafu ipasuke kama suruali.

Mara Sista Mkuu akaingia. "Baba yake Zaituni yuko wapi?"

"Nyuma ya pazia, Sista," akajibu Zaituni. "Suruali yake inashonwa."

"Hawezi kutoka?" akauliza Sista.

"Hawezi."

"Vizuri sana," akasema Sista. (Vizuri sana!) "Kaa hapa, Zaituni, tuzungumze."

Cherehani kikawa kinanguruma, na mimi nimesimama gizani nimeshika kitambaa changu kwa mikono miwili. Sista akamuuliza hili na lile. Kisha akasema, "Tuna kitambaa yadi arobaini na mbili. Gauni moja linakula yadi tatu na nusu. Tutapata magauni mangapi?"

Mimi nikaanza kuhesabu kwa vidole, lakini vidole vilikuwa kazini.

"Kumi na mawili, Sista," akasema Zaituni hapo hapo. "Lakini ukivipanga vipande kichwa kwa miguu wakati wa kukata, linapatikana na la kumi na tatu. Baba anafanyaga hivyo."

"Amekufundisha?"

"Hapana. Nilikuwaga nakaa chini ya meza yake nahesabu."

Ndugu zangu, miaka yote hiyo yuko chini ya meza yangu anaokota vipande vya kitambaa. Mimi nilidhani anacheza.

"Basi unataka kuwa fundi kama baba?"

Nikafungua mdomo nimjibie. Mguu ukawa umeshatangulia kutoka. Nikaangalia chini. KARIBU CHAKULA. Nikaurudisha mguu, na mdomo nikaufunga.

"Hapana, Sista," akasema mtoto wangu. "Kushona sikupendi. Baba anakupenda, na Musoma nzima hakuna anayemfikia. Mimi nataka hesabu na sayansi. Nije niwafundishe wengine."

"Umeshamwambia?"

"Sijapata nafasi. Baba anasemaga sana. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia amenyamaza."

Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka. Mtoto amekaa na neno lake miaka mingapi, na mimi ndiye niliyemzibia njia? Na bado ananisifu mbele ya watu?

Ndipo nikasahau nilivyovaa.

Nikalifungua pazia, nikatoka mzima mzima. "Sista! Mpe hiyo nafasi! Asome hesabu! Asome na zile chupa! Akitaka hata mwezini huko ausome!" Na mkono mmoja nimeunyanyua juu, kama mhubiri.

Mlango ukafunguliwa wakati huo huo. Mzee Masatu. Mkewe nyuma yake. Kumbe walikuja kumwona binti yao, na binti yao ni yule yule aliyekuwa anaandika kwenye daftari. (Kwa hiyo hotuba yangu ya bandi ipo kwa maandishi. Mtaletewa.)

Mzee Masatu akanitazama usoni. Akashuka na macho. Mnajua anavyosomaga, kwa kidole, herufi moja moja.

"Ka-ri-bu... cha-ku-la."

Akavua kofia.

"Asante sana, Fundi Saidi. Tumetoka mbali, njaa tunayo kweli."

Sista Mkuu aligeukia ukutani, mabega yanaruka. Bhoke alitolewa nje kwa sababu alikuwa hapumui vizuri. Mimi nikarudi nyuma ya pazia, nikapitishiwa suruali yangu, imeshonwa mara mbili, mshono umenyooka kama reli. Niliukagua kwa makusudi nipate kosa. Sikupata.

Nikatoka nimevaa, nikamwendea Sista kichwa chini. "Sista, nisamehe. Mtoto usimnyime nafasi kwa ajili ya ujinga wa baba yake."

"Nafasi ni yake," akasema huku anajifuta macho. "Nilikuwa nimeshaliandika jina lake kabla hujatoka. Ungebaki tu huko ndani."

Ungebaki tu huko ndani!

Tulishuka kilima. Katikati ya njia Zaituni akaniuliza, "Baba, umekasirika?"

"Kushona hukupendi?"

"Sikupendi, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi usishone."

Akanitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha akashindwa kujizuia, akasema, "Karibu chakula," akakimbia. Nikamkimbiza. Tulifika njia panda tunacheka wote wawili, mpaka dereva wa lori akauliza huko shuleni tulinyweshwa nini.

Nyumbani mke wangu alikuwa anasubiri mlangoni. "Haya, mtoto alijibu mwenyewe?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Nilijibu, Mama," akasema Zaituni, akamsimulia yote, na kwa sauti zake, ya Sista, ya Bhoke, mpaka ya suruali. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na ninavyoandika hivi bado yuko huko chini.

Basi hamna habari nyingine, ndugu zangu. Nimejifunza moja tu leo, na nawapa bure: ukienda kumtafutia binti yako shule, vaa kanzu.