Gari Langu la Kulala Limevuja Bila Mvua

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wateja, mbele ya fundi na mbele ya mama yangu mzazi. Na mpaka sasa kichwa hakijakaa sawa.

Mnaijua ile Hiace yangu kuukuu niliyoitia kitanda iwe gari la kulala watalii. Leo saa nne asubuhi wateja wangu wa kwanza, dada wawili kutoka Dar, walikuwa wanapanda huku Uru mlimani kuliona. Wakilipenda, wanalichukua wiki nzima. Basi jana nikaona nilale humo, nilijaribu. Baridi ya Julai huku kwetu si mchezo! Nikafunga vioo vyote. Kuna tundu la hewa juu darini, nikalisokomeza taulo. (Akili nyingi.)

Asubuhi nimeamshwa na tone la maji puani. Kuangalia juu, dari yote maji. Vioo maji. Blanketi unaweza kulikamua. Natoka nje, ardhi kavu! Nikarudi ndani kuhakikisha. Maji. Nikatoka tena. Kavu. (Nimefanya hivyo mara nne.) Halafu humo ndani kuna harufu ya kitu kilichochacha. Nilidhani ni soksi zangu.

Nikampigia fundi Pius wa Shirimatunda, aliyenitengenezea hilo gari. Ni mzee wa rika la marehemu baba, lakini hata shikamoo sikumpa.

"Fundi, bati lako linavuja! Njoo sasa hivi!"

Amekuja akanikuta juu ya gari, nimevaa bukta na koti, napaka gundi kila ninapopashuku. Na wale dada ndiyo wanashuka kwenye bodaboda. Hapo mtu mwenye busara angenyamaza.

"Mnaona? Ameniachia matundu!"

Fundi akaniangalia. "Jana mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Sasa bati linavujisha nini?"

"Aisee, si ndiyo nakuuliza wewe!"

Dada mmoja akakohoa. (Kikohozi cha kuficha kicheko, nakijua.) Fundi akaingia ndani, akachomoa taulo tunduni, akalitundika mlangoni tulione wote. Kisha akainua ubao wa kitanda. Kahawa! Imeoshwa, imetandazwa juu ya gunia, bado mbichi. Nimeilalia usiku kucha.

Mama akatoka jikoni mbio. "Msiiguse, haijakauka!"

"Mama! Kahawa kwenye gari?"

"Si wewe jana ulijisifu gari lako lina joto kuliko nyumba yangu? Uani ukungu mtupu, ningeianika wapi? Nimeiweka ulipokuwa unaoga."

Fundi akanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Mvuke wa kahawa na pumzi zangu havikuwa na pa kutokea, vikagusa bati la baridi, vikageuka maji. "Lile tundu nililiweka ili gari lipumue. Na dirisha uliache wazi kidogo, hata kukiwa na baridi."

Yaani ili gari likauke, niiache baridi iingie? Bado sielewi. Wote wamenitolea macho, wanasubiri niseme neno. Nikasema:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Wateja gari wameliacha, ila kwetu wamepapenda, wamebaki. Mama amewapa chumba changu. Mimi nalala garini na kahawa. Tafadhali mkicheka chekeni polepole, leo dirisha liko wazi, nitawasikia.