Presha Moja kwa Vinywaji Vyote

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba enzi ya ubaguzi wa vinywaji imekwisha. Kuanzia siku hiyo kila pipa la kinywaji lililoko nyumbani kwa mtu, liwe la bia, la soda au la maji ya gesi, lingesukumwa kwa shinikizo moja la taifa. Aliyebuni sera hiyo ni Mkurugenzi wa Shinikizo la Gesi Majumbani, mtu mwenye kitambi cha heshima, na aliibuni kisomi: alichukua presha ya juu, akachukua ya chini, akatafuta wastani.

"Miaka yote bia imepewa kidogo, soda ikapewa tele," aliwaambia waandishi wa habari. "Bia ilikosa nini?"

Hakuna aliyejibu. Kimya hicho kiliingizwa kwenye taarifa kama maoni ya wananchi.

Ili awe mfano, alianzia kwake. Nyuma ya jiko mkewe alikuwa na mapipa matatu ya chuma, mtungi mmoja wa gesi, na vidhibiti vitatu vya presha, kila pipa na chake. Mkurugenzi aling'oa viwili, akaunganisha mipira yote ya gesi kwenye kilichobaki, akakiweka kwenye presha ya wastani, kisha akakipiga lakiri ya serikali yenye sahihi yake. Kanuni, aliyoiandika mwenyewe, ilisema anayevunja lakiri anafukuzwa kazi bila mjadala.

"Baba watoto," mkewe alisema, mikono kiunoni, "bia ukiizidishia gesi inatapika povu. Soda ukiipunguzia inakosa ukali. Hilo nalo linataka kamati?"

"Mama watoto, hayo ni mazoea. Hii ni sera."

"Haya. Jumamosi Waziri akija, mmiminie sera kwenye glasi."

Hapo ndipo palipouma. Waziri alikuwa anakuja kunywa glasi moja tu, na kabla ya kuaga angemtaja Naibu Katibu Mkuu mpya. Mkurugenzi alikitaka kiti hicho kufa na kupona. Suti ya kuapishwa alikuwa ameshaishona.

Jumamosi Waziri aliketi sebuleni, akaagiza bia. Mkurugenzi akakimbilia nyuma ya jiko, akafungua koki. Pipa lilikohoa, likatema, glasi ikajaa povu juu mpaka chini. Glasi ya pili, povu. Akaleta beseni, nalo povu. Mkewe alionja soda, akakunja uso. Ilikuwa maji ya sukari yaliyokata tamaa.

"Spana hii hapa," mkewe alinong'ona. "Nivunje lakiri, nipunguze presha, mgeni apate hata nusu glasi ya maana."

Mkurugenzi aliitazama spana, akaitazama lakiri. Spana ingempa cheo kipya na kumfukuza kwenye cha zamani kwa mkupuo mmoja. Akachagua sheria, maana ilikuwa na sahihi yake.

Akabeba glasi ya povu kwenye sinia mpaka sebuleni, mkewe akimfuata nyuma.

"Hii nini?" Waziri aliuliza.

"Bia, Mheshimiwa."

"Mbona naona povu?"

"Kitaalamu, Mheshimiwa, povu ni bia iliyo katika mchakato. Idara yangu haitofautishi iliyokamilika na iliyo njiani."

Waziri alilipuliza povu, likamrukia kwenye tai. Akatafakari kwa muda unaolingana na cheo chake.

"Hoja ina mashiko," alisema. "Hongera. Kuanzia leo wewe ni Naibu Katibu Mkuu aliye katika mchakato."

"Asante sana, Mheshimiwa! Ofisini naingia lini?"

"Kuingia na kuwa njiani, si umesema hakuna tofauti?"

"Basi… ukurugenzi wangu?"

"Huo nitampa mwingine. Umeshapanda, bwana. Viti viwili ni ulafi." Waziri alijifuta tai, akamgeukia mke. "Mama, hapa jirani hakuna mwenye bia iliyokamilika?"

"Yuko nyumba ya pili, Mheshimiwa. Sera haijamfikia. Twende nikusindikize."

Wakatoka. Mkurugenzi wa zamani alibaki peke yake na sinia, akitazama povu likishuka polepole. Lilipokwisha kushuka, chini ya glasi palikuwa na bia ya kujaza kijiko. Akainywa, akiwa amesimama wima, ndani ya suti yake mpya.