Ombi la Kutojengewa Daraja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mipango Miji,

Nakuandikia nikiwa na furaha tele, kwani leo ni siku ya kumi na tisa tangu niolewe, na mume wangu ni mzuri kiasi kwamba nikimtazama anakula, mimi nasahau kula. Hata hivyo, nina malalamiko.

Wiki iliyopita maofisa wako walibandika mchoro kwenye mlango wa duka ninamoshonea sare za shule. Unaonyesha daraja la waenda kwa miguu juu ya ile barabara ya njia sita iliyokata mtaa wetu vipande viwili. Lina mteremko wa viti vya magurudumu, miti pande zote na njia ya baiskeli. Linapendeza sana. Naomba msilijenge.

1. Mimi nashona upande huu, mume wangu anatengeneza baiskeli ng'ambo. Miaka mitatu hatukujuana, mpaka siku niliyosimama ukingoni dakika arobaini na kifurushi cha sare. Yeye alikuwa pembeni yangu, naye amechoka kusubiri. Akasema, "Shika mkono, dada. Ukigeuka katikati, tumekwisha." Mheshimiwa, sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Kwenye daraja angeniambia nini? Habari za mchana?

2. Baba yangu ni mkali. Alikataza tushikane mikono kabla ya ndoa, isipokuwa wakati wa kuvuka, na alisimama mlangoni kwetu, kando ya barabara, kuhakikisha tunaachiana mara tu miguu yote minne inapofika ukingoni. Ndiyo maana kuna siku nilivuka mara sita kufuata uzi mweusi. Mkijenga daraja, wachumba wa mtaa huu watashikania wapi?

3. Kuhusu haki. Wenzetu wa kule mlimani wana madaraja mawili na hawatembei. Wana miti ya kivuli na wanashinda ndani ya magari yenye vioo vyeusi. Shoga yangu anayewashonea mapazia anasema huko mume ana chumba chake na mke chake. Usawa unadai muyavunje madaraja yao na barabara iwapitie sebuleni, ili nao wapendane.

4. Kuhusu mazingira, hakuna penzi linalotumia mafuta kidogo kama letu. Kwa hiyo ongezeni njia mbili, ziwe nane. Hizi sita sisi wawili tumeshazizoea, tunavuka haraka mno.

Nisalimie ofisi nzima, hasa yule kijana mpole aliyepanda ngazi kubandika mchoro akaniomba gundi.

Ni mimi, mwenye raha zangu,
Mshona Sare, sasa Mke wa Fundi Baiskeli

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaikunja nilipomwona mume wangu ng'ambo, ameniletea chakula cha mchana. Alivuka peke yake, hana wa kumshika mkono. Lori likapita, nikawa simwoni. Yalipita magari tisa ndipo nikamwona ameketi katikati ya barabara kwenye ukuta mdogo unaotenganisha magari yaendayo na yarudiyo, kiatu kimoja hakipo, bakuli langu amelikumbatia. Baba ndiye aliyekwenda kumshika mkono.

Mchoro unasema mtaanza mwakani. Mheshimiwa, anzeni Jumatatu, mchanga nitabeba mwenyewe. Katikati ya daraja wekeni benchi la watu wawili, mahali ambapo baba hawezi kuona akiwa mlangoni. Si letu sisi. Ni la wachumba wanaokuja.