Pakuku Yuko Wapi?

Jumatatu, 11 Agosti

Redio imesema! Koinet wa roki anapiga gitaa Kajiado Jumamosi hii, uwanja ulio karibu na soko la mifugo. Ni mara ya mwisho. Mzee amepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, anarudi kwa ng'ombe wake. Nilikuwa nampimia mteja chakula cha vifaranga. Nikamwaga chote chini. Mteja alikasirika. Hajui roki, simlaumu.

Mimi Kiema nampenda Koinet tangu nivae kaptura, na sijawahi kumwona kwa macho yangu. Alipokuja shuleni kwetu nilikuwa nyuma ya jikoni nikikata nyasi, adhabu. Alipopiga Isinya ilikuwa siku ya harusi yangu. Niliomba harusi isogezwe mbele kidogo tu. Mke wangu Ndulu bado hajasahau. Sasa nataka kitu kimoja: nimwone akipiga "Vumbi la Namanga" kwa lile gitaa lake jekundu, kabla hajalitundika ukutani. Safari hii sikosi. Hata wanifunge kamba.

Wanyoike naye amesikia. Huyu ni fundi wa kuchomelea milango, kibanda chake kinapakana na duka langu, na anajiita shabiki nambari moja wa Kitengela. Nambari moja! Mtu anayeimba "Bibi wa Namanga" badala ya "Vumbi", kwa sauti kubwa, siku nzima, na hana haya.

Jumanne, 12 Agosti

Tiketi ninayo. Ndulu amesema basi mambo yameisha, niende mapema, nisimame mbele kama watu wengine. Mke wangu ni mwema lakini hana mipango. Mbele atakuwa Wanyoike, na mabega yake ni ya kubeba vyuma. Mimi ni mfupi. Nitaona shati lake tu. Lazima Koinet mwenyewe anijue, aniite, watu wanipishe.

Naisula, Mmasai anayetuuzia maziwa, alipofika nilimuuliza Wamasai huwa marafiki vipi. Akanieleza jambo tamu sana. Ukimpa mtu mbuzi, hamwitani tena kwa majina. Yeye anakuita Pakine, nawe unamwita Pakine, maisha yote. Ukimpa kondoo, ni Paker. Zawadi inakuwa jina lenu.

Sijalala mchana. Kiema, Pakine wa Koinet!

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Isinya kutafuta mbuzi. Muuzaji aliniangalia usoni mara moja tu akajua mimi ni mtu mwenye shida. Bei ikapanda tukisalimiana. Nimerudi na kamba tupu.

Nilipofika dukani nikatazama huku na huku. Mimi ni mtu wa nini? Wa kuku! Zawadi ni zawadi. Nikamuuliza Naisula kama kuku anahesabika. Alicheka mpaka akaweka mtungi wa maziwa chini. Alisema wazee wao wa zamani hata hawakula kuku, na tangu azaliwe hajasikia jina la namna hiyo.

Kwa hivyo hakuna aliyewahi kujaribu. Nitakuwa wa kwanza.

Alhamisi, 14 Agosti

Jogoo ni Chifu. Mwekundu, kifua mbele, sauti ya kuamsha mtaa. Shida moja: Chifu ni wa Ndulu, anamnenepeshea kaka yake Kitonga anayetutembelea Jumapili. Nimemwambia Ndulu kwamba Chifu anakohoa, nitampeleka kwa daktari wa mifugo Kajiado. Akauliza kwani Kitengela madaktari wameisha. Nikasema huyu wa Kajiado ni wa majogoo. Aliniangalia muda mrefu.

Jioni nilikuwa namwogesha Chifu kwa sabuni ya unga, Wanyoike akauliza kulikoni. Ningenyamaza. Lakini nilitaka aumie. Nikamweleza yote: zawadi, jina, kuitwa mbele ya watu. Hakuumia. Alisema, "Sawa Kiema, tutaonana huko," akarudi kuchomelea. Wivu huo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mambo yananyooka! Tajeu, kakake Naisula, ndiye anayembebea Koinet maspika. Amekubali kunipitisha nyuma ya jukwaa kesho, mradi jogoo asilete fujo. Nimemhakikishia kwamba Chifu ana adabu.

Nimefanya mazoezi ya salamu ya Kimasai mbele ya kioo. "Supa, mzee." Tena kwa sauti nzito. Ndulu akapita akauliza naongea na nani.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kabla hata sijanawa vumbi.

Nilimwona! Alikuwa nyuma ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, akikaza nyuzi za lile gitaa jekundu. Mzee mdogo tu wa mwili. Maneno yote niliyofanyia mazoezi yalinitoka kichwani. Nikamnyooshea jogoo.

Akavua miwani. "Kuku? Aki hii ni mpya. Sisi hatuna jina ya kuku." Akafikiri. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha kwenye kanda! Akasema sawa, mimi nitakuwa Pakuku, naye ni Pakuku wangu. Akaniambia niende nisimame mbele, kwani kabla ya "Vumbi la Namanga" ataniita nipande jukwaani tuimbe pamoja. Akanishukuru kwa Kimasai, "Ashe oleng, Pakuku." Nilitaka kulia. Nililia.

Hapo ningeenda mbele. Njia ilikuwa wazi, Tajeu mwenyewe alinionyesha kwa kidole. Lakini walipojaribu spika ya kwanza, Chifu aliruka kutoka mikononi mwa mzee akaingia chini ya jukwaa. Mzee akasema mwache, atatoka akichoka. Nikawaza: zawadi ikipotea, jina litabaki? Nitakuwa Pa-nini? Nikaingia kwa magoti.

Chini ya jukwaa kuna nyaya, mbao, chupa na giza. Chifu alikuwa mbele yangu kila mara, hatua moja tu. Juu yangu roki ilianza. Nilijiambia nimshike kwanza, kuna muda. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Suruali yangu ikanasa kwenye msumari. Chifu akanigeukia, akaniangalia kama alivyoniangalia Ndulu, kisha akatoka kwa upande wa mbele, kwenye watu.

Ndipo nikasikia sauti ya Koinet kwenye maspika: "Pakuku yangu iko wapi?"

Nikapiga kelele niko hapa! Niko chini! Watu walikuwa wanashangilia, hata mimi sikujisikia. Nikachungulia kwenye ufa. Kwanza niliona viatu. Viatu vya kazi, vina madoa ya moto wa kuchomelea. Kisha mikono mikubwa ikamkamata Chifu na kumwinua juu, na sauti ninayoijua ikasema, "Ni mimi, mzee! Kuku ndiyo hii!"

Koinet hakuwa na miwani. Akamvuta Wanyoike jukwaani.

Wakapiga "Vumbi la Namanga". Wote wawili, kichwani pangu. Viatu vya mzee vilikuwa juu yangu kabisa, ningeweza kuvigusa isingekuwa mbao. Kila alipokanyaga, vumbi lilinimwagikia machoni. Gitaa lilinipita kifuani. Sikuona kitu. Kilichoniua kabisa ni kiitikio. Wanyoike aliimba "bibi", na uwanja wote wa Kajiado ukamfuata.

Jumapili, 17 Agosti

Kitonga amekula ugali na kabeji. Ameuliza jogoo yuko wapi. Ndulu amemjibu kwamba yuko hospitali Kajiado na hali yake ni mahututi.

Kitengela nzima inamwita Wanyoike Pakuku. Wateja wangu pia! Amechora jogoo kwenye mlango wa kibanda chake. Amekuja kuniomba msamaha, eti alijua nimechelewa akaona jina lisianguke bure. Nimemwambia mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na Koinet kuliko mtu yeyote uwanjani. Akauliza wapi. Nikaenda kupima chakula cha vifaranga.

Naisula alileta maziwa na habari. Mzee amemchukua Chifu nyumbani, amefurahi mno, magoti yamepoa, ataaga tena mwezi wa Desemba, Namanga. Mara ya mwisho kabisa kabisa. Akanisihi nisikilize neno moja: ninunue tiketi, nisimame mbele, nisibebe kitu.

Nimemshukuru. Ushauri mzuri, kwa mtu asiye na mipango.

Kosa lilikuwa udogo wa kuku. Anapenya popote. Kuna mtu hapa Kitengela anafuga bata mzinga, na mmoja ni mkubwa hawezi kuingia chini ya jukwaa lolote. Nimemwona leo baada ya kanisa. Wanyoike na abaki na jina lake la kuku. Mimi nimeshaanza kuitika mbele ya kioo: Pabata!