Fujo za Nchi ya Mafuta na Mayai ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kaondoka asubuhi. Dada yake kajifungua, anakwenda kumsaidia mpaka Jumapili. Kaniachia kazi moja tu: sanduku lake la kutotolea vifaranga, ambalo linapata joto kwa taa ya mafuta iliyo chini yake. Nijaze taa, nigeuze mayai hadi Jumatano, kisha niyaache yatulie mpaka yaanguliwe Jumamosi, basi. Kanieleza mara tatu, kana kwamba anaongea na mtoto! Vifaranga ameshawaahidi wanawake wenzake wa kikundi, na mwezi huu ndio kwanza wamemchagua mwenyekiti. Kasema nikimwaibisha safari hii hatapiga kelele. Hatasema kitu kabisa.
Afadhali angepiga kelele.

Jumanne, 4 Juni
Redio! Nchi moja huko yanakotoka mafuta imechafuka. Wanajeshi wamegawanyika, bandari imefungwa, meli zimesimama. Bei itapanda dunia nzima, kasema mtangazaji. Nikainama chini ya meza. Madumu mawili ya mafuta ya taa ya mke wangu, yamejaa pomoni.
Akili ikaanza kuchemka. Nauza leo wakati watu wana hofu. Wanajeshi watapatana kufikia Alhamisi. Bei inashuka, nanunua, madumu yanarudi chini ya meza, faida mfukoni. Taa yenyewe ina mafuta ya siku mbili. Mke wangu hata harufu hatasikia.
Fundi viatu wa mlango wa pili, tunayemwita Mchambuzi kwa sababu hakuna taarifa ya habari asiyoichambua, kasema fujo zile zitachukua mwezi mzima. Nikamwambia ashone viatu.
Muuza chai wa kona kayanunua yote kwa ajili ya jiko lake. Hakubishana bei hata kidogo. Mtu muungwana sana.

Jumatano, 5 Juni
Bei imepanda tena. Haidhuru, ni leo tu.
Nimekwenda kunyoa, nifanane na mtu mwenye faida. Kinyozi kafika katikati ya kichwa, jenereta likazima. Petroli imekwisha. Foleni ya kituo cha mafuta imezunguka kona na hakuna anayepewa. Nikauliza nirudi lini. Kasema nchi ile ikitulia.
Nusu kichwa! Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, maana nauli ya pikipiki nayo haishikiki. Nimevaa kofia. Mkate wa leo umekuwa mdogo, sikuuliza kwa nini.

Alhamisi, 6 Juni
Hawajapatana. Wameongezeka! Limezuka kundi la tatu. Hivi hawa watu hawana wake?
Nimezunguka maduka yote. Mafuta ya taa hakuna. Mkaa nao umeadimika, kila mtu kaukimbilia. Nikaenda kwa muuza chai kumwomba aniuzie dumu moja tu, kwa bei yake. Kasema kwa sasa hata mama yake mzazi hamuuzii. Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto kwelikweli, kwa mafuta yangu mwenyewe.
Jioni taa imezimika. Nimeshika yai moja, limeanza kupoa. Nimeogopa, sitaki kusema uongo. Nimeona sura ya mke wangu asiyesema kitu.
Nimevaa sweta zake mbili, nimeyabeba mayai yote, nimeingia nayo kitandani.

Ijumaa, 7 Juni
Mgongo umekufa ganzi. Asubuhi nimeyafunika mayai vizuri, nimekimbia kwa Mchambuzi kuazima kuku wake anayeatamia. Kakubali kwa sharti moja: nisimame mlangoni pake, mbele ya wateja, niseme kwamba yeye anaijua dunia kuliko mimi. Nimesema. Kadai hakusikia vizuri. Nimesema tena.
Kuku kachukua robo ya mayai, akagoma kuongezewa. Mengine nikarudi nayo kitandani.
Mchana kaingia mama mkwe! Kumbe mke wangu kamtuma anichungulie. Nimelala mbele ya mama mkwe, na siwezi kuinuka, mayai yatabingirika. Nikajaribu kusalimia kwa heshima, kofia ikadondoka. Mama wa watu kakitazama kichwa. Kazitazama sweta za bintiye. Kalitazama yai lililochungulia kwapani. Halafu kauliza, kwa upole kabisa, eti mkwe, bado mangapi ya kutaga?
Kaenda kwake, karudi na blanketi zito. Kanifunika yeye mwenyewe. Nikamsihi asimwambie bintiye. Kasema hana haja, habari kama hii ina miguu yake.

Jumamosi, 8 Juni
Wameanguliwa! Nimelia. Wa kuku wametoka wote, na Mchambuzi kautangazia mtaa mzima. Wa kitandani wametoka wengi, si wote. Hawataki kuniacha. Nikienda jikoni, wananifuata. Nikienda chooni, wanasubiri mlangoni wakipiga kelele.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu karudi. Nimempokea mlangoni na msafara wangu nyuma. Kauliza madumu yako wapi. Nikamweleza habari za wanajeshi, bandari na meli. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kama ni wanajeshi hao waliokuja kuyachukua chini ya meza.
Kawahesabu vifaranga. Wenzake wote watapata. Mayai yaliyoharibika, kasema, yalikuwa ya kwake. Kayafunga kwenye gazeti, kayatupa. Kweli hakupiga kelele. Nimeona aibu mpaka ndani ya mifupa. Nimeapa sitagusa tena kitu chake.

Baadaye. Redio! Meli za mahindi nazo zimekosa mafuta, chakula cha kuku kitapanda wakati wowote. Nyuma ya mlango pana mfuko mzima wa chakula cha vifaranga, haujafunguliwa. Kesho asubuhi mke wangu ana mkutano wa kikundi. Muuza chai ana shemeji yake mfugaji, watu waungwana sana ukoo ule.
Na safari hii nimesikiliza vizuri. Wanajeshi watapatana kufikia Alhamisi.